Ala ya Ngozi ya Tandala

Kisu kilifika mwezi wa nane, mwaka 2019, kimeviringishwa ndani ya soksi ya mwanamume, na Masika hakukipenda tangu dakika ya kwanza. Alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji na sahani ya mumewe mkononi.

"Kisu cha maiti hicho," alisema. "Baba Victoire, minakuomba, usikilete kule tunalala."

Théodore alicheka tu. Kisu kilikuwa cha marehemu kaka wa mteja wake wa siku nyingi, Kobus, Kaburu wa miaka sabini na ushee. Kilikuwa kimelala miaka kumi na moja kwenye banda bovu la shambani, mvua ikikidondokea. Ubapa ulikuwa mwekundu kwa kutu, mpini umeoza mpaka unamomonyoka ukiushika. Mtu mwingine angekitupa. Huyu alikigeuza huku na huku, akakipiga kwa ukucha, akasikiliza mlio wake, akasema chuma bado kizima.

Kobus huyo na wenzake walikuwa na mchezo wao. Watu wazima, wana magari ya maana, wana simu za bei mbaya, lakini ikifika wikendi wanavaa kofia za ngozi, wanabeba magobori ya kushindilia baruti, wanaingia porini Limpopo kuwinda kama walivyowinda babu zao waliohama na magari ya ng'ombe. Na mtu asithubutu kwenda na zipu wala plastiki, watamcheka mpaka alie. Kila kitu kiwe cha mkono: pembe ya baruti, mkoba wa risasi, mkanda, ala ya kisu. Na wa kuwatengenezea hayo mambo yote ya kale ya Kikaburu alikuwa nani? Mkongomani wa Butembo, kwenye gereji ya mama wa Kizulu, mtaa wa La Rochelle. Joburg ina vituko vyake.

Tuseme ukweli, Théodore alikuwa fundi. Baba yake alikuwa mshona ngozi sokoni Butembo, na mtoto alijua kushika sindano mbili kabla ya kujua kuandika jina lake. Vita vilipomtoa kwao alipitia Lubumbashi, Zambia na Zimbabwe, akaingia Johannesburg mwaka 2005 na viatu alivyovaa. Alilinda magari ya watu. Alishona viatu kando ya barabara kule Germiston, akawa na meza yake, mashine ya mkono na mikanda kumi na miwili ya oda inayosubiri wenyewe. Halafu ikaja 2008, wenyeji wakawageukia wageni. Waliokuwepo wanaijua, na wasiokuwepo wasiombe. Alikimbia na kiatu kimoja. Aliporudi hakukuta hata mguu wa meza.

Baadaye akapata kazi kwenye duka moja kubwa la ngozi kaskazini mwa jiji. Miaka sita alishona humo, na kila alichoshona kiligongwa muhuri wa mwenye duka. Wateja walikuwa wanaingia wanamsifu tajiri mbele yake, "Una mkono wa ajabu, bwana," na tajiri anatabasamu, naye Théodore ameinama na nyundo yake. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Mwaka 2015 akakata shauri, akaacha kazi, akapanga gereji ya MaNdlovu, yule mama wa Kizulu, akachongesha muhuri wake mwenyewe wa chuma, mdogo, herufi mbili tu za jina lake. Akaapa mbele ya mkewe kwamba hataacha tena kazi ya mkono wake mezani akimbie. Masika alimjibu kwamba viapo vya namna hiyo ni vya watu ambao hawana mtoto.

Basi akakishughulikia kile kisu. Alikilaza kwenye siki, akakisugua kwa majivu na mafuta, akang'oa mpini uliooza, akapitisha tupa kwenye msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Akachonga mpini mpya wa mzeituni wa porini, akaupigilia misumari ya shaba. Kutu yote ilitoka, isipokuwa doa moja jeusi karibu na mpini. Hilo lilikataa katakata. Alilisugua siku mbili, likamtazama tu. Masika alipoliona alifanya ishara ya msalaba na kutoka nje.

Kisha akakinoa. Hapa ndipo ubishi wa mtu huyu ulipokuwa. Mafundi wengine huvisha ala kisu kikiwa bado butu, tena wanakifunga nailoni, ndipo wananoa baadaye. Baba yake Théodore alimfundisha kinyume: kisu kwanza kinolewe mpaka mwisho, kipakwe nta, ndipo ngozi mbichi ishonwe na kuvikwa juu yake ikiwa imelowa, ikauke taratibu ikishika umbo la kisu chenyewe, siku nzima na zaidi, bila kuguswa. Ukichomoa kabla ya wakati, umeharibu ngozi na umeharibu mshono, na ngozi ya tandala haisamehi mara ya pili. Hakuna aliyeweza kumbadilisha. Alikinoa kisu juu ya mawe matatu mpaka kikanyoa nywele za mkono wake bila kukwaruza.

Pembe ya baruti ilikuwa tayari, nyembamba mpaka mwanga ulipita. Mkoba na mkanda vilikuwa tayari. Jumapili alasiri, tarehe mosi mwezi wa tisa, alimaliza kushona ala, akaigonga muhuri wake, akailowesha, akaivisha kisu, akaiminya kwa vidole kila mahali mpaka umbo likatokea. Akailaza juu ya kitambaa katikati ya meza. Mpaka Jumatatu jioni, alijiambia, isiguswe na mtu.

Jumapili hiyohiyo ndipo mji ulipoanza kuwaka.

Simu ya Masika haikunyamaza. Sauti za WhatsApp za Kiswahili, za Kifaransa, za Kirundi, kila mtu anapiga kelele: huko Jeppestown maduka yameungua, huko Malvern magari yameungua, kesho wanaowawinda wageni wanashuka kusini, fungeni milango, ondokeni. Ungetaka kujua ipi kweli na ipi chumvi, ungechanganyikiwa. Ila moshi ulikuwa kweli. Jumatatu asubuhi ulionekana kutoka uani kwa MaNdlovu, mweusi, umesimama upande wa mjini, na barabara ilikuwa tupu kwa namna ambayo La Rochelle haiwi tupu hata Krismasi. Muuza nyanya wa kwenye robot, zile taa za barabarani, hakuja. Saluni ya Warundi ilikuwa imefungwa. Mbwa tu walikuwa wakizurura.

Saa mbili asubuhi kombi ya kanisa ilipiga honi mlangoni, inachukua watu kuwapeleka kwenye ukumbi upande wa kaskazini. Victoire, binti yao wa miaka kumi na saba, alikuwa amekwisha kupanda, ameziba masikio kwa vile vidude vyake vya muziki ili asisikie wazazi wakigombana.

"Panda gari," Masika alisema.

"Ngozi haijakauka. Jioni minakuja, kabla ya jua kuzama."

"Ngozi? Weye uko na wazimu? Batu banachoma batu, na weye unanisemea ngozi!"

"Nikiichomoa sasa imekufa. Nikiibeba ndani ya kombi imekunjamana. Masika, ni muhuri wangu uko pale."

Masika alilia, si kwa huzuni, kwa hasira. Akampigia Kobus kwa simu ya mumewe, akijua Kiingereza chake ni cha kuokotaokota, akamwambia mwambie wewe, huyu hanisikii. Kobus naye, Mungu ampe heri, alisema waziwazi kwenye spika, "Théo, man, acha hicho kisu. Nitaenda kuwinda na kisu cha jikoni. Ondoka hapo." Hata mwenye mali kasema. Théodore akajibu asante, nimesikia, akakata simu, akabaki amesimama palepale. Kombi iliondoka bila yeye. Masika alikuwa ameng'ang'ania dirisha, anamwangalia mpaka gari lilipokata kona.

MaNdlovu alikuwa ameona yote kutoka barazani. Mjane wa miaka sitini na minane, miguu inamuuma, mdomo haumuumi. Alimtukana mpangaji wake vizuri, kwa Kizulu cha ndani kabisa, kisha akatulia na kuanza kufikiri. Nyumba ilikuwa yake, aliachiwa na mumewe, na mtaa mzima ulijua kuwa anapangisha wageni. Wangekuja.

"Kizulu chako kinanuka Kongo," alimwambia. "Miaka kumi na minne uko hapa na bado ukisalimia 'sawubona' mbwa wanacheka. Kwa hiyo husemi. Umesikia? Wewe ni mdogo wa marehemu mume wangu, umetoka kwetu Nongoma, umepigwa na kiharusi, ulimi umekufa. Mimi nitasema. Wewe thula, kimya. Ukifungua mdomo tumekwisha sote wawili, mimi na wewe, na nyumba hii."

"Ndiyo, Mama."

"Hata hiyo 'ndiyo' acha."

Alimvalisha koti la marehemu na kofia ya sufu. Akamketisha kwenye kiti kando ya meza ya kazi, mdomo amemfundisha kuupinda kidogo upande mmoja. Masika alipopiga simu saa nne, MaNdlovu ndiye aliyepokea, na kwa kile kidogo walichoelewana, Masika alisema neno lilelile: asifungue mdomo. Kisha simu ikafichwa chini ya unga.

Théodore alikaa. Mara kwa mara aliiangalia ala. Ilikuwa imeanza kubadilika rangi kwenye kingo, kutoka kahawia nzito kuwa ya asali. Ilikuwa inakwenda vizuri. Ilikuwa, kwa kweli, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na aliichukia na kuipenda kwa wakati mmoja.

Walikuja saa sita mchana. Kwanza zilisikika nyimbo, mbali, halafu vioo vya duka la spaza la pembeni, halafu kimya kidogo, halafu miguu. Walikuwa kama ishirini barabarani, wanne wakaingia getini. Wa mbele alikuwa mtu mzima, mwenye rungu na fulana ya chama cha mpira. MaNdlovu alikuwa amekwisha kukaa kwenye ngazi, anachambua maharage kwa utulivu kana kwamba ni siku ya kawaida.

"Mama, wako wapi watu wako?" mwenye rungu aliuliza, kwa heshima, ajabu ya Mungu.

"Wamekimbia asubuhi kama panya. Mmechelewa, wanangu."

"Na humo gerejini?"

"Shemeji yangu. Mgonjwa. Ingieni mumuone, mumwombee."

Ulikuwa uongo uliotulia, wa mtu aliyelea watoto sita. Waliingia. Mwenye rungu alimwangalia Théodore usoni, kwa karibu, mpaka Théodore akasikia harufu ya bia na vitunguu. Alimuuliza jina lake. Théodore alitoa sauti ya kooni, mate yakamtoka, na hakuhitaji kuigiza, maana hofu ilikuwa imemkaba kweli. "Huyu kakwisha," alisema yule mtu, akamgonga bega kwa upole, akageuka kutoka. Wawili wakamfuata. Théodore alianza kupumua.

Wa nne alibaki. Kijana wa miaka ishirini hivi, mwembamba, macho mekundu. Alikuwa ameziona zile zana mezani. Aliinua pembe ya baruti akaitazama dhidi ya mwanga. Akaivaa shingoni. Akapapasa mkoba. "Nani kafanya hivi?" alijiuliza kwa sauti, na katika sauti yake mlikuwa na mshangao wa kweli, wa mtoto. Théodore alimsikia, na Mungu amsamehe, alifurahi.

Kisha kijana akachukua kisu.

Alikishika kama anavyokishika mtu asiyejua. Mkono wa kushoto aliukunja juu ya ala, vidole vinne vimezunguka upande wa makali, akaifinya ngozi mbichi. Mkono wa kulia akashika mpini, akavuta. Kisu hakikuja, kwa kuwa ngozi ilikuwa imekishika. Akavuta kwa nguvu. Théodore aliuona mshono. Aliuona uzi wa kwanza unaachia, wa pili unaachia, chuma kinameremeta kati ya matundu, palepale chini ya vile vidole.

"Acha!" alipiga kelele. "Usivute, weye! Acha, acha!"

Kwa Kiswahili. Kwa sauti nzima, iliyonyooka, ya mwanamume asiye na ugonjwa wowote.

Kijana alitoa mkono wa kushoto kwa mshtuko, wa kulia ukivuta bado. Kisu kilipasua mshono wote kikaruka nje, kikadondoka sakafuni, na ala ikaangukia mezani imefunguka upande mmoja. Kijana aliutazama mkono wake. Aliugeuza. Vidole vyote vilikuwepo, hakuna hata mkwaruzo. Aliitazama ala iliyopasuka, akautazama tena mkono, na ilionekana wazi kuwa ameelewa. Alikuwa bado sekunde moja tu awe na mkono wenye kidole gumba peke yake.

Mlangoni mwenye rungu alikuwa amerudi.

"Nani kasema?"

MaNdlovu, aliyeona yote kupitia mlangoni, alikuja mbio na miguu yake mibovu, maharage yakimwagika. "Analia tu, mwanangu, ni maumivu, huwa analia hivyo—"

"Mama, nyamaza." Akamgeukia kijana. "Wewe ulikuwa humu. Nani kasema?"

Théodore alimwangalia machoni, na kijana akamwangalia, na kwa kitambo kile Théodore aliamini kabisa kuwa wamepona. Halafu kijana akainua mkono wa kushoto, mkono uleule nawaambia, akanyoosha kidole.

"Yeye," alisema. "Ni kwerekwere, mgeni huyu."

Yaliyofuata yalikuwa mafupi. Théodore alikumbuka rungu la kwanza tu. Alivunjika mtulinga, mbavu tatu, na kichwa kikashonwa nyuzi kumi na nane. Gereji ilitiwa moto, na moto haukujua mwisho wa gereji ni wapi. Ulichukua jiko la MaNdlovu, ukachukua chumba chake cha kulala, na paa likaja chini kabla ya zimamoto kufika. Jirani mmoja alimvuta Théodore mpaka uani. MaNdlovu aliunguzwa mkono akijaribu kutoa picha ya harusi yake.

Siku ya nne hospitalini, Masika aliketi kando ya kitanda. Hakuwa amemgombeza tangu afike, na hilo lilimtia Théodore hofu kuliko kelele zake zote.

"Kanisani banakusifu," alisema hatimaye. "Pasta amehubiri juu yako kule ukumbini. Eti ulikuwa tayari kufa ili adui yako asikatike vidole. Batu balilia. MaNdlovu mwenyewe alisimama mbele akasimulia."

Théodore alitazama dari. Alikuwa amelijua jambo hilo tangu alipozinduka, na lilikuwa limemkalia kifuani kuzidi zile mbavu.

"Masika, minakuambia kitu. Sikuona vidole."

"Unasema nini?"

"Vidole niliviona nyuma, kisu kikiwa kimeshaanguka. Wakati ninapiga kelele niliona uzi. Niliona ala yangu inapasuka. Basi."

Muuguzi alipita na toroli yake, akarudi, akapita tena.

"MaNdlovu anajua?"

"Hapana."

"Nyumba yake yote imekwisha, Théodore." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Victoire azaliwe. "Asijue. Umesikia? Mpaka unakufa, asijue."

Mlango ulifunguliwa, na MaNdlovu akaingia mwenyewe, mkono umefungwa bendeji, mwingine umebeba machenza kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa akilala kwa dada yake Soweto, kwenye sofa, na nguo alizovaa zilikuwa za dada yake. Alikaa kitandani bila kuombwa, akamenya chenza kwa mkono mmoja na meno.

"Usiniangalie na macho hayo," alimwambia Théodore. "Nilikwambia thula, na ulikataa, na mimi nisingependa mtu anayeweza kunyamaza akiona vile. Nyumba ni matofali. Mtoto wa watu ana vidole vyake."

Akamega kipande, akakisogeza mdomoni mwa mgonjwa. Masika aligeuza uso dirishani. Théodore alifungua mdomo, akala.